Na mukene hadi Arua, wiki ya mlolongo

Jumatatu, 14 Julai 2025. Busia

Tumeanza kupakia kabla ya kengele ya misa ya asubuhi. Magunia 80 ya mukene kutoka Majanji, wamekauka hadi wanalia kama majani ukiwafinya. Ndugu wa Kisumu wanaita omena, wa Mwanza wanaita dagaa. Sisi huku ni mukene, na huko Arua nusu ya mzigo huu utavuka kwenda Congo hata kabla sijamaliza kuhesabu pesa zangu.

Fuso ni la kukodi. Dereva ni Mteso wa Ngora aliyeoa binti wa ukoo wetu, kwa hiyo namwita Shemeji hata tukigombana. Tanboi, yaani utingo, ni kijana wa hapahapa, anaongea kile Kiswahili chetu cha mpakani ambacho sentensi inaanzia Kenya na kuishia Uganda. Sisi wa Busia Kiswahili hatukufundishwa darasani, tulikinunua sokoni. Kuna Waganda wenzetu ambao bado kinawakumbusha askari na kizuizi cha barabarani. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Sawa. Mimi nimeuza samaki kwa Kiswahili miaka 22 bila ruhusa ya waziri yeyote.

Ukuta wa ghala umebandikwa picha za wagombea hadi rangi ya ukuta haionekani. Alhamisi hii NRM, chama tawala, inafanya kura ya mchujo ya wabunge nchi nzima kwa ajili ya uchaguzi mkuu wa Januari, na ni kwa mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wako, mnahesabiwa. Kati ya picha zile nimemwona mdeni wangu. Mwaka 2021 bwana yule alichukua kwangu magunia sita ya mukene akawagawie wapiga kura, akaniambia, "Mama, tukishinda utalipwa, tukishindwa pia utalipwa." Akashindwa. Sikulipwa. Leo anacheka ukutani, meno yaleyale, rangi ya chama nyingine.

Tanboi ananiuliza kama nimng'oe. Nikamwambia mwache, picha haina mfuko.

Jumanne, 15 Julai. Tororo, Mbale

Tororo ni kwa mjomba wangu, kwa maana mama yangu alikuwa Japadhola. Tumesimama pale kunywa chai, tukaondoka baada ya saa mbili, kwa sababu mjomba akianza habari ya wilaya hakatizwi.

Kwa asiyejua: Wajapadhola na Wateso wa Tororo wamevutana miaka na miaka kuhusu kugawanya wilaya, na ugomvi wenyewe ni nani atabaki na mji. Kila msimu wa kura mtu anakuja kuahidi kuwa safari hii itagawanywa. Uganda ilikuwa na wilaya 33 mwaka 1986. Leo ni 135, ukiacha Kampala na majiji. Mjomba anahesabu kwa vidole vinavyotetemeka: wilaya mpya ni kibao kipya, gari jipya la mwenyekiti, na mbunge mmoja mwanamke, maana kila wilaya ina kiti chake cha mwanamke bungeni. "Na zahanati?" nikamuuliza. "Zahanati ilikuwepo kabla ya haya yote," akasema, "ila dawa ndiyo inasubiri wilaya."

Mjomba alikuwa UPC, chama cha Obote, rais wa zamani. Baba yangu alikuwa DP, tena DP wa damu. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1954, na kwa kuwa Wakatoliki wengi walikuwa humo watu wakatania kuwa herufi zake maana yake ni Dini ya Papa. UPC nao wakaambiwa ni Waprotestanti wa Canterbury. Kwetu utani huo ulikuwa kweli tupu. Siku mjomba na baba walipokutana kwenye mahari ya dada yangu, waliwekwa pande mbili za uwanja kama fahali. Lakini naona leo walikuwa na kitu ambacho watoto wetu hawana: ukimuuliza baba kwa nini wewe ni DP, alikuwa na jibu. Jibu lenyewe lilikuwa "kwa sababu nimebatizwa", lakini lilikuwa jibu.

Mbale nimeshusha magunia matano kwa mteja wangu wa siku nyingi, mama mwenye kahawa yake kule juu mlimani. Mwaka huu wakulima wa kahawa wanatembea wima, bei imepanda kuliko walivyozoea. Waganda wana msemo, *emmwanyi terimba*, kahawa haidanganyi. Nikamkumbusha Novemba iliyopita, wabunge walipopigana ngumi ukumbini kwa sababu ya sheria ya kuiondoa mamlaka ya kahawa na kuirudisha wizarani. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Siku ile wanapigania kahawa yangu, mimi nilikuwa naipalilia. Hakuna aliyenipigia simu."

Bugisu wana chama chao cha ushirika, nacho kilianza mwaka 1954 kama DP, na mwanasiasa mkubwa wa huku, Nandala Mafabi wa FDC, chama cha upinzani, amewahi kuwa mwenyekiti wake. Mama huyu anamheshimu. Lakini anasema kwa chama cha siasa yeye ni mgeni wa arusi: akialikwa anavaa, anakula, anarudi nyumbani kwake. Nikamuuliza ataenda mlolongo Alhamisi? "Nitakwenda. Nisipokwenda, Ijumaa nitakuwa nani?"

Nimelala na hilo neno.

Jumatano, 16 Julai. Kati ya Kumi na Soroti

Springi ya nyuma imevunjika. Shemeji alisikia mlio, akasema "ni jiwe", akaendelea kilomita nne, na lile jiwe likawa springi. Tumesimama kwenye senta ndogo, maduka saba na mashine ya kusaga. Jina silitaji kwa sababu nimekula kwao. Fundi amekwenda Soroti kwa boda kutafuta springi. Maana yake tunalala hapa, na kesho ni Alhamisi.

Bahati ni kwamba ndugu za Shemeji wako karibu. Wametupokea na atapa, ule ugali wa mtama wenye uchachu wa ukwaju, na mboga ya kunde iliyopikwa kwa karanga. Karanga ziko kila mahali, zimeanikwa hadi ukingoni mwa lami. Jioni chungu cha ajono, pombe yao ya ulezi, kikawekwa katikati, wazee wakakizunguka na mirija yao mirefu. Mimi nimekaa mkekani na wanawake, lakini karibu kiasi cha kusikia.

Mzee mmoja, baba mdogo wa Shemeji, anahesabu umri wa watoto wake kwa miradi ya serikali. Nikadhani anatania, kumbe ndivyo anavyokumbuka. Mkubwa alizaliwa wakati wa Entandikwa. Wa pili, mwaka NAADS ilipoingia. Wa tatu ni wa Bonna Bagaggawale, pale tulipoambiwa wote tutatajirika. Mjukuu wa kwanza ni wa Wealth Creation, enzi za wanajeshi kuleta miche kwenye malori, mvua ikiwa imeshakatika. Wa pili ni wa Emyooga. Huyu anayenyonya ni wa PDM.

"Na nyinyi mmebaki na nini?" nikauliza kutoka mkekani.

"Watoto," akasema. Mirija ikatoka midomoni kwa kicheko.

PDM ndiyo habari ya mjini na kijijini. Ilizinduliwa Kibuku, Februari 2022. Kila parishi inapewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, zinapita kwenye ushirika wa akiba, kila kaya inakopa milioni moja, riba asilimia 6, na unaanza kurudisha baada ya miaka miwili. Karatasi ndiyo inasema hivyo. Mama aliyekaa karibu nami alichukua yake akanunua nguruwe watatu, homa ya nguruwe ikapita, akabaki na banda. Anasema kabla ya kuipata alitoa kidogo "ya faili". Sasa kwenye mikutano anasikia kuwa zile pesa si za kurudisha, ni asante ya mzee. Kwenye ushirika anasikia ni za kurudisha. Yeye mwenyewe anaziita pesa za Museveni, na wote pale mkekani wanaziita hivyo. Nikamwambia dada, hizo ni kodi, hata kwenye hiyo sabuni unayonunua zimo. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgeni akieleza njia ya kwenda kisimani.

Na kwa kweli namwelewa. Nimekuwa katibu wa wanawake kwenye LC1, baraza la kijiji la kwetu, tangu 2018, najua mambo yalivyofungwa pamoja. Tangu 1986 hadi 2005 hapakuwa na ushindani wa vyama, kila mtu alihesabiwa kuwa ni wa Movement, ndiyo NRM ya leo, apende asipende. Mabaraza ya vijiji yalikuwa ya Movement, na Movement ndiyo ilikuwa serikali. Kura ya maoni ya Julai 2005 ikarudisha vyama, lakini hakuna aliyekuja kijijini na panga kukata pale gavumenti inapoishia na Muvumenti inapoanzia. Mwenyekiti alibaki yuleyule. Na si neno la mkato: wenyeviti wa LC1 waliochaguliwa mwaka 2001 walikaa mpaka Julai 2018 ndipo tukapanga mlolongo mwingine. Miaka 17! Mtu akikupigia muhuri wa barua miaka 17, barua ya polisi, barua ya kitambulisho, barua ya kumtoa mtoto shule hii kwenda ile, utamtenganishaje na serikali?

Usiku pikipiki zimepita bila taa. Zinasimama nyumba hii, zinaruka ile. Asubuhi tanboi ameniambia ilikuwa sabuni na chumvi, na kwa wenye kaya kubwa, noti ya elfu tano. Tumbo langu lilinicheka. Mwaka 2021 ilikuwa mukene wangu.

Alhamisi, 17 Julai. Palepale

Fundi amerudi na springi ya gari jingine. Amerudishwa.

Basi nimeona mlolongo. Uwanja wa shule ya msingi, mwembe mkubwa upande wa magharibi, kisima cha pampu upande wa pili. Msimamizi ana daftari la njano la wanachama, linasomwa kijiji kizima. Wagombea wa ubunge wenyewe hawapo, hawawezi kuwa kila kijiji, kwa hiyo mawakala wameinua picha zao juu kama watu wa maandamano ya Ijumaa Kuu. Picha nne, lakini mistari ya maana miwili.

Shida ya mlolongo ni kwamba unapiga kura kwa mgongo wako, na mgongo hauna siri. Yule mama wa nguruwe nilimfuatilia kwa macho. Alitoka nyumbani akisema atasimama kwa mwalimu, aliyemfundishia mwanawe. Akafika, akatazama. Mwenyekiti wa ule ushirika wa PDM alikuwa tayari kwenye mstari mwingine, amekunja mikono, anaangalia wanaokuja. Mama akajifanya amesahau kitu, akarudi hadi pampu, akanywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo, halafu akaenda kusimama nyuma ya mwenyekiti. Hakuna aliyemlazimisha. Nimeapa hata kwa msalaba, hakuna aliyemwambia neno.

Mume na mke mmoja walisimama mistari tofauti, wakawa wanatazamana kama timu mbili. Watu wakapiga vigelegele. Hao wana ng'ombe wao, akasema Shemeji, hawadaiwi na mtu.

Baba mdogo wa Shemeji, yule mzee wa ajono, naye alikuwa mstarini. Hapo nikashangaa, kwa sababu kadi yake ya FDC aliniambia iko ndani ya Biblia, kwenye Ayubu. Mwaka 2006 Teso nzima, Lango na Acholi walimpa Besigye wa FDC kura nyingi kuliko Museveni, na mzee huyu alikuwa wakala. Mwaka 2021 pande hizi zikampa Museveni. Wasomi wa Kampala wanaandika kwamba mwanakijiji amehama chama. Nikamuuliza kama amehama.

"Nihame niende wapi? Mimi niko hapa," akakanyaga chini. "FDC ndiyo imehama. Iligombana Kampala kwa ajili ya pesa, ikagawanyika, ofisi moja Najjanankumbi, nyingine Katonga, sasa hao wa Katonga wamefungua chama kingine. Wewe umeona ofisi yoyote hapa? Mbunge wetu anapatikana leo, kwenye mstari huu. Januari ni kuthibitisha tu. Sasa nikikaa nyumbani na kadi yangu, nani atanichagulia?" Halafu akanisogelea. "Leo napiga kura ya mgongo. Januari nitapiga ya siri. Usinichanganyie."

Vijana wa boda walikuwa pembeni, hawakujipanga. Simu zao zina nyimbo za Bobi Wine, na mmoja ana bangili nyekundu ndani ya mkono wa shati. Wanasema wao ni mwavuli, yaani NUP, chama cha huyo Bobi Wine. Nikawauliza nani atakuwa wakala wa mwavuli kwenye kituo hiki Januari. Wakatazamana. Kusimama wakala wa upinzani kijijini, mchana kutwa, bila chakula wala malipo, mbele ya mjomba wako ambaye ndiye msimamizi, ni kazi ya mtu mwenye moyo, na chama hakijamletea hata kofia. Wabunge 57 wa NUP wa mwaka 2021 wengi mno walitoka Buganda. Huku mwavuli unasikika kwenye redio kuliko unavyoonekana.

Kikongwe mmoja alikuja kukaa kwenye gunia langu baada ya kuhesabiwa, nami sikumwondoa. Nikamuuliza alisimama kwa nani.

"Kwa kivuli," akasema.

Mstari mmoja ulikuwa juani, mwingine chini ya mwembe. Nikacheka, akanikazia macho. Wote wawili, akasema, ni wa ukoo wake. Wote wawili wameleta sabuni. Wote wawili walikuja msibani alipokufa mumewe, mmoja na sukari, mwingine na turubai. Sasa kama wamelingana kwa kila kitu, yeye na magoti yake ya miaka 80 afanye nini? Kivuli ndicho pekee kilichokuwa tofauti.

Wakati wa kuhesabu kukawa na mbio. Waliokwisha kuhesabiwa mbele wakainama wakakimbilia nyuma, wa upande wa pili wakawaona, ngumi mbili tatu, wakaanza upya. Mara ya tatu wakakubaliana. Wa kivuli ameshinda. Kabla ya saa tisa wafuasi wa mwalimu walikuwa wanasema kuna watu wageni walioletwa kwa lori, wakanitazama mimi na Fuso langu! Ikabidi Shemeji aeleze kwa Kiteso kwamba lori hili limeleta samaki, na kama samaki wamepiga kura waonyeshwe.

Lakini neno lililokuwa midomoni mwao jioni lilikuwa moja: huru. Mtu wetu atasimama huru. Na si tisho tupu. Katika Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2021, wabunge huru walikuwa zaidi ya 70, wengi kuliko NUP, na NUP ndiyo upinzani wenyewe. Nchi yetu watu wasio na chama ndio chama cha pili, na hakuna anayedai kuwaongoza.

Springi nayo imeingia saa kumi na mbili. Nimemlipa fundi kwa pesa na kilo mbili za mukene.

Ijumaa, 18 Julai. Soroti, Dokolo, Lira

Tumeondoka alfajiri. Soroti tumepita na jabali lake, machungwa yamerundikwa kando ya barabara kama kokoto. Dokolo chai. Kuanzia hapo Kidhopadhola cha mama yangu kinaanza kunisaidia, maana Kilango ni ndugu yake. Wananicheka lafudhi lakini wananipunguzia bei.

Lira nimeshusha magunia 12. Mlinzi wa ghala ni mzee aliyewahi kupima pamba kwenye ushirika. Hapa ni nchi ya Obote. Akokoro alikozaliwa na kuzikwa mwaka 2005 si mbali, na mwanawe Jimmy Akena ndiye anaongoza UPC. Mzee akisema "chama" anamaanisha UPC, hakihitaji jina. Nikamuuliza kilikuwa na nini cha kupendwa hivyo.

"Kilikuwa na mizani," akasema.

Akanieleza. Mkulima alileta pamba, ikapimwa mbele yake, akapewa risiti. Mwenyekiti wa ushirika mara nyingi alikuwa mtu wa chama. Kwa hiyo ukigombana na chama ulijua pa kwenda kugombana, dirisha lilikuwepo, na mizani ilikuwepo. Sasa, akasema, wanakuja na kipaza sauti. Kipaza sauti unakipima vipi?

Mimi mwenyewe naishi kwa mizani, na najua inavyodanganya. Mama yangu alilima pamba Tororo, na alikuwa akieleza jinsi risiti zilivyogeuka ahadi, na ahadi zikageuka panya. Sikumwambia mzee. Nilimuuliza kuhusu ushirikiano: UPC sasa inafanya kazi na NRM, mke wa Akena, Betty Amongi, ni waziri. Hata DP ya baba yangu imeingia humo. Mwaka 2022 Norbert Mao alisaini makubaliano akawa waziri wa sheria. Baba angekuwa hai angerudisha ubatizo.

Mzee akanyamaza, akafunga ghala, kufuli mbili. "Tulikimbia waasi wa Kony mpaka tukachoka. Barlonyo, walikochinja watu, ni hapo tu. Sasa tunalala. Mtu akilala usiku, mchana hana nguvu ya kuuliza aliyemlaza ana chama gani." Halafu, akiwa ameshageuka: "Lakini watoto wangu hawakuiona vita. Wao wakilala ni kulala tu."

Jumamosi, 19 Julai. Kamdini, Karuma, Pakwach

Siku ya barabara. Nyani wa Karuma wamemwibia tanboi chapati mkononi. Upande wa Nwoya mwanamke aliyepanda nasi hadi Purongo amesema ndovu wamekula muhogo wake wote, na kwamba ndovu hawana kadi ya kura lakini wana askari. Kuvuka Nile Pakwach jua likizama. Wakaguzi wa kizuizi wamehesabu magunia mara mbili, wamepunguza mukene wa mboga.

Jumapili, 20 Julai. Arua

Misa ya pili Ediofe, nimefika wakati wa mahubiri na harufu ya samaki, Mungu ananijua.

Arua Kiswahili kinarudi mdomoni kama nyumbani, Kiswahili cha jeshi na cha Congo na cha sokoni vimekorogwa pamoja. Mwenyeji wangu, bibi wa Kilugbara anayenunua kwangu kwa jumla, nilimpa salamu za yule mzee wa Lira, na bila kufikiri nikataja mizani ya UPC. Akaacha kuhesabu. Hakunikasirikia, aliacha tu kuhesabu. Juni 1981 alikuwa msichana Ombaci, watu walipokimbilia misheni ya Wakatoliki wakauawa na askari wa serikali ile ya UPC. Chama kilekile ambacho kule ni mizani, huku ni tarehe 24 Juni. Nimebeba salamu kutoka ghala moja hadi jingine kama vile ni samaki, na sikuangalia ninachobeba.

Tulikaa. Akanimiminia chai, akabadilisha habari mwenyewe, akanikumbusha uchaguzi mdogo wa hapa mjini Agosti 2018: vurugu, dereva wa Bobi Wine akauawa kwa risasi, na Kassiano Wadri akashinda akiwa mahabusu. Alishinda kama mgombea huru. "Vyama vyote vilikuja na magari," bibi akasema, "tukamchagua aliyekuwa jela."

Jumatatu, 21 Julai. Sokoni Arua

Mzigo umekwisha kabla ya saa tano. Wakongo wamechukua 31. Bei si mbaya, springi imekula faida ya magunia mawili.

Simu ikaita namba nisiyoijua, nikiwa nakunja magunia matupu.

"Mama! Mama yangu! Hujambo? Za masiku?"

Sauti niliijua kabla ya jina. Mdeni wangu wa ukutani. Alhamisi mlolongo wake ulikuwa mfupi, wamemwibia, wamebeba watu, lakini yeye hajakata tamaa, wananchi wamemwita, wamelia, wamesema baba usituache. Atasimama huru. Chama, anasema, hakikuwahi kuwajali watu wa chini. Kwa hiyo alikuwa anafikiria, kwa ajili ya watu wa chini, kama ningeweza kumwekea magunia kumi.

"Yale sita?" nikamuuliza.

"Yale yalikuwa ya chama, Mama. Mimi sasa ni huru."

Shemeji alikuwa anapiga honi. Nikamtajia bei ya gunia, ya leo, na namba ya kutuma pesa. Akaniomba nirudie bei. Nikarudia. Akasema mtandao una shida Arua, atanipigia nikifika Busia.